Ni Nani Anayelinda Afya ya Mtaa Wako?

Kabla hujaendelea kusoma, chukua kalamu na karatasi, hata ukurasa wa nyuma wa daftari la Hisabati unatosha. Andika majina ya watu watano waliofanya jambo lolote mwaka huu ili mtaa wenu usiugue. Masharti ni mawili tu. Awe mtu unayeweza kumfikia kwa miguu kutoka nyumbani kwenu, na asiwe daktari wala kiongozi wa siasa.

Zoezi hili ni rahisi kulisoma, lakini jaribu kulifanya uone. Jina la kwanza huandikwa haraka, mara nyingi ni la mama mzazi. La pili linachukua dakika nzima. Kufikia la tatu, wanafunzi wengi wanaanza kutazama dari, na wajanja wanajaza wachezaji wa Simba na Yanga. Halafu kuna wale wanaosema: "Yupo dada mmoja anapita kuangalia mapipa yetu ya maji, lakini jina lake silijui."

Sasa basi, somo letu la leo linamhusu huyo dada. Na wenzake pia, maana wako wengi kuliko unavyofikiri: Tandale, Kigogo, Mwananyamala, Tandika, Mbagala, Yombo, kote huko wapo. Tutaona wanafanya nini hasa, kwa nini kazi yao inakwama wasipojulikana, na wewe uliye Kidato cha Pili au cha Nne unaweza kufanya nini kuhusu hilo.

MTU WA MADIMBWI

Tuanze na mbu, kwa sababu mbu tunamfahamu wote.

Ulijifunza kwenye Biolojia kwamba mbu hupitia hatua nne: yai, kiluwiluwi, buu wa mwisho anayeitwa pupa, kisha mbu kamili mwenye mabawa. Katika joto la Dar es Salaam safari hiyo yote huchukua kama wiki moja hadi mbili. Ishike vizuri hesabu hiyo, kwani kazi nzima ya mtu wa madimbwi imejengwa juu yake. Ukilikagua dimbwi kila wiki na kuwaua viluwiluwi waliomo, hakuna atakayepata nafasi ya kuota mabawa. Ukiruka wiki moja tu, umewapa nauli.

Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini. Haukuwa mradi wa kwanza. Kuanzia 1988 hadi 1996 ulikuwepo mwingine, uliosaidiwa na Japani, nao uliisha msaada ulipoisha. Safari hii waliamua kuwatumia wakazi wenyewe. Zilichaguliwa kata 15 kati ya kata 73 za jiji la wakati huo, yaani kata tano kutoka kila manispaa: Kinondoni, Ilala na Temeke. Katika kata hizo waliishi watu zaidi ya 600,000. Wakazi wa kawaida, wengine wakiwa vijana waliomaliza shule na hawana ajira, walipewa mafunzo, buti, ramani na fomu. Kila mmoja akapewa eneo lake la mashina ya nyumba kumi kumi alizunguke kila wiki.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Unaingia uani kwa watu unaowajua na usiowajua. Unafunua mapipa. Unachungulia mtaro, matairi ya zamani, msingi wa nyumba isiyokwisha kujengwa uliojaa maji ya mvua, tuta la mchicha bondeni, nyayo za ng'ombe. Unachota maji kwa kata yenye mpini mrefu, unahesabu viluwiluwi, unaandika. Unatakiwa pia kutofautisha viluwiluwi vya anofelesi, mbu aenezaye malaria, na vya kuleksi anayetusumbua usiku kwa kelele. Njia yao ni rahisi, na wewe unaweza kuijaribu: kiluwiluwi cha anofelesi hulala ubapa chini ya uso wa maji kama kijiti kinachoelea, na cha kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia juu. Katazame kwenye dimbwi lililo jirani. Usinywe tu!

Mwezi Machi 2006 wakaanza kutia dawa katika kata tatu: Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Mwaka 2007 zikawa kata tisa, na 2008 zote 15. Dawa yenyewe ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Kiluwiluwi akimla, sumu ya bakteria huyo huharibu utumbo wake na hufa. Samaki, kuku na binadamu hawadhuriki, kwa sababu sumu hiyo hufanya kazi kwenye utumbo wa wadudu wa jamii ya mbu. Tangu 2015 Tanzania ina hata kiwanda cha dawa za namna hiyo pale Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Watafiti waliofuatilia kata zilizotiwa dawa walikuta malaria miongoni mwa watoto imepungua.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini watafiti hawakuishia kuhesabu mbu. Walifuatana na wahudumu wale, wakapita nyuma yao kuona wamepata madimbwi mangapi na wameyakosa mangapi. Ripoti iliyotoka mwaka 2009 ilionyesha kwamba wahudumu walikuwa wanayaona takriban theluthi mbili tu ya maeneo yenye maji. Theluthi nzima ilikuwa inapita hivi hivi. Kwa nini? Uvivu? Sababu mbili zilizojitokeza zinatuhusu wewe na mimi. Moja, mhudumu asiyelifahamu eneo alikosa mengi. Mbili, madimbwi mengi yaliyokosekana yalikuwa ndani ya ua zenye uzio.

Yaani geti lilifungwa.

Dimbwi liko ndani, mhudumu yuko nje na kata yake mkononi, na ndani ya nyumba mtu anamwambia mtoto, "Kamwambie hatupo." Anafanya hivyo kwa sababu hamjui. Amemwona kijana na buti zenye tope, amedhani ni mwizi anayechungulia mazingira au mtu wa bili. Huwezi kumlaumu moja kwa moja, Dar hii tunaijua. Lakini mbu aliyekulia ndani ya geti lile hana habari na uzio. Usiku anaruka ukuta anakwenda kumng'ata mtoto wa jirani.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Tunaposema "kumtambua" mtu anayejitolea, wengi wanafikiria sherehe, cheti chenye fremu, picha na mgeni rasmi. Hayo si mabaya. Ila maana ya kwanza ya kumtambua mtu ni kumjua: ukimwona unajua huyu ni nani, anaitwaje na amekuja kufanya nini. Kwa mhudumu wa mbu, mtaa kumjua ndiyo nusu ya kazi yake. Cheti hakifungui geti.

WALIOOSHA WAGONJWA

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye miaka ambayo wazazi wako walikuwa na umri kama wako.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Dawa za kupunguza makali hazikuwepo. Mpango wa kuzitoa bure nchini ulianza mwishoni mwa 2004. Fanya hesabu: ni zaidi ya miaka 20 ya watu kuugua bila dawa. Vitanda vya hospitali havikutosha, na mgonjwa aliporudishwa nyumbani, alirudishwa kwa nani? Ndugu wengine walimpokea. Wengine walimtenga: sahani yake, kikombe chake, chumba cha uani.

Mwaka 1989 jijini Dar es Salaam, mtaalamu wa ustawi wa jamii Theresa Kaijage alianzisha WAMATA pamoja na wenzake. Kirefu chake ni Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Lisome tena jina hilo. Halisemi "wanaougua", linasema "walio katika mapambano", na ndani yake wamo mgonjwa, mke wake, mama yake na jirani aliyekuja kumpa uji. Kundi hili lilijengwa na familia zenye wagonjwa na watu waliojitolea kuwatembelea, kuwapa ushauri nasaha na kuwasaidia watoto walioachwa.

Miaka mitatu baadaye, 1992, kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi kilianza kukutana chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Kutoka hapo ikazaliwa PASADA, yenye makao yake Chang'ombe, Temeke. Wakati ambao kusema "mimi ninavyo" kuliweza kukukosesha chumba cha kupanga, watu wachache walikaa pamoja wakaamua kusaidiana. Leo ukipita Chang'ombe unaona majengo na foleni. Mwanzo wake ulikuwa watu wanaojuliana hali.

Na wasiokuwa katika shirika lolote? Hao ndio wengi zaidi. Nina maana ya mama wa mtaa aliyekwenda kila asubuhi kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, akafua shuka, akarudi kwake kukaanga maandazi ya kuuza. Hakupewa fulana. Hakuna fomu yenye jina lake popote. Ukitaka kumpata, kamuulize bibi yako kwa adabu: "Bibi, wakati ule wa ugonjwa, nani alikuwa anawaangalia watu hapa mtaani?" Halafu nyamaza usikilize. Huenda akakutajia jina la mtu anayeuza karanga pale kona na wewe humpi hata shikamoo.

Siku hizi kazi hiyo imebadilika sura. Mtu anayeishi na VVU akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, virusi hupungua mwilini hadi kutoonekana kwenye kipimo, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Tatizo ni hayo maneno "kila siku bila kuruka". Kijana wa miaka 17 aliye bwenini, anayeogopa wenzake waone vidonge, anaruka. Hapo ndipo wanapoingia WAVIU Washauri, watu wanaoishi na virusi wenyewe ambao hufanya kazi na kliniki kuwafuatilia na kuwatia moyo wenzao. Anaposema "najua dawa zinachosha, hata mimi nilichoka", anasikilizwa kuliko mimi mwenye digrii. Nalisema bila wivu!

Tahadhari lakini, na hii ni kubwa. Katika zoezi tutakaloliona mbele, USIANDIKE hali ya afya ya mtu yeyote. Wala usiandike "anamhudumia jirani yetu fulani mwenye virusi". Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Lakini hata bila sheria, fikiria kidogo: unamsifu mhudumu, kumbe umemtangaza mgonjwa. Mhudumu atapokea makofi na mgonjwa atahama mtaa.

CHOO KIKIJAA

Sehemu hii wasomaji wetu wengine watakunja pua. Kunjeni, tuendelee.

Sehemu kubwa ya jiji letu haijaunganishwa na bomba la majitaka. Tunatumia vyoo vya shimo, na shimo hujaa. Gari la kunyonya halipiti uchochoro wa Tandale wala Keko, na hata likipita, gharama yake ni kubwa kwa mpangaji wa chumba kimoja. Matokeo yake unayajua: mvua ikinyesha kwa nguvu, usiku, mtu anatoboa ukuta wa choo na kuuachia uchafu uende na maji. Tunaita "kutapisha choo". Asubuhi unavuka maji hayo na viatu vya shule mkononi.

Agosti 2015 kipindupindu kiliripotiwa Kinondoni. Kikaenea Dar es Salaam, kisha karibu Bara nzima, na kufikia mwaka uliofuata walikuwa wameugua watu zaidi ya 20,000. Kipindupindu kinakausha mwili kwa kasi ya ajabu. Mtu mzima mwenye nguvu zake asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kuzama kwa kupoteza maji na chumvi. Kinachomwokoa ni maji yenye chumvichumvi, mapema, kabla hata hajafika kituoni. Ukikosa pakiti za dawa ya maji, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituoni, msikae mkimtazama nyumbani.

Katika mlipuko wa namna hiyo, nani anasimama kwenye kisima kuweka dawa ya klorini kwenye ndoo za watu? Nani anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kuna anayeharisha? Ni mkazi. Ni mjumbe, mhudumu wa afya wa mtaa, kijana wa Msalaba Mwekundu.

Na yupo mwingine ambaye katika orodha za "watu bora" simwoni kamwe: yule anayeingia shimoni kuchota kwa ndoo choo kikijaa. Huitwa usiku. Hulipwa, ndiyo, si bure, kwa hiyo wengine watasema hajitolei chochote. Mimi naona hesabu hiyo si sawa. Anaingia mahali penye minyoo, vipande vya chupa, sindano na hewa inayoweza kumzimisha, mara nyingi bila buti wala glavu, ili watoto wa uani wasiugue. Na asubuhi yake wale wale waliomwita hawamsalimii. Kama unataka kupima mtaa wako unamtambua nani, anzia hapo. Mtu huyu hahitaji hotuba. Anahitaji glavu, buti, sabuni, chanjo ya pepopunda na salamu.

VIJANA WALIOCHORA RAMANI

Usije ukafikiri kazi hizi ni za watu wazima peke yao. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, wakiwa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walitembea mtaa kwa mtaa na vifaa vya kupimia wakachora ramani ya kata yao. Kabla ya hapo, ukiangalia ramani ya jiji, Tandale ilikuwa kama eneo tupu, wakati maelfu ya watu wanabanana humo. Mwezi Desemba mwaka huo huo mafuriko makubwa yakaipiga Dar es Salaam, watu wapatao 40 walifariki na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande.

Mwaka 2015 ukaanza mradi uitwao Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na wakazi waliingia kata zinazokumbwa na mafuriko wakachora mitaro, vichochoro, visima, vyoo na sehemu ambazo maji hufika. Ramani hizo ziliwekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzitumia. Ukiujua mtaro ulioziba uko wapi, unajua maji yatarudi wapi, na yakirudi, unajua kipindupindu na mbu watakuja wapi. Uzuri wa kazi hii ni kwamba mwenyeji ndiye mwalimu. Mwanafunzi wa chuo ana kifaa, lakini anayejua kwamba mwaka jana maji yalifika dirishani pale kwa muuza mkaa ni mama wa mtaa.

SI KILA ANAYETOA ANASAIDIA

Kabla hujaanza kuandika majina, kuna mitego. Nitaitaja miwili.

Wa kwanza ni mtu wa msimu. Anakuja na mchele, fulana na mpiga picha, hasa mwaka wa uchaguzi. Mchele uleni, lakini msimweke kwenye orodha bado. Jiulize: akiondoka, nini kinabaki? Na huwa anakuja hata asipopigwa picha? Mtu mzuri wa kumpima naye ni yule mama anayefagia mtaro mbele ya nyumba yake na ya jirani kila Jumamosi. Hana kipaza sauti.

Wa pili ni mgumu zaidi. Ni kumsifu mtu ili tusimlipe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamefanya kazi miaka mingi kwa posho za mradi. Mradi ukiisha na posho inaisha, lakini mjamzito wa jirani bado anamgongea mlango saa nane usiku. Wengi wao ni wanawake, na tumezoea kuona kazi ya mwanamke ya kuhudumia wagonjwa ni kama kupumua, haina bei. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wa kike na wa kiume, wachaguliwe katika jamii zao na walipwe posho. Ni hatua kubwa. Kwa hiyo unapomhoji mhudumu wa mtaa wako, usiishie kwenye "unajisikiaje kusaidia wengine?" Muulize pia nauli anatoa wapi.

KAZI YENU: DAFTARI LA MTAA

Haya, twende kwenye vitendo. Kazi hii inafaa klabu ya afya, somo la Uraia, au hata marafiki wanne wanaokaa mtaa mmoja. Mnahitaji daftari kubwa moja na uvumilivu.

Anzeni kwa kupita, sio kwa kuuliza. Amkeni mapema Jumamosi mbili mfululizo mtazame nani anafanya nini. Nani anafagia? Nani anawavusha watoto wadogo barabara kubwa? Kwa nani watu hukimbilia mtoto akipata homa usiku? Kisha nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mjitambulishe kwa mwenyekiti, mwambieni mnafanya kazi ya shule. Msiruke hatua hii. Watu watawauliza nani amewatuma, na jibu zuri ni "mwenyekiti anatufahamu".

Mkienda kumhoji mtu, nendeni wawili au watatu, mchana, na nyumbani wajue mko wapi. Msichana asiende peke yake nyumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo anasifiwa na mtaa mzima. Nasema hivyo kwa makusudi. Sifa nzuri si kibali cha kukaa chumbani na mtoto wa mwenzio, na mtu mwema kweli hatachukia mkija watatu.

Shikamoo kwanza. Halafu omba ruhusa: "Mama, tunaandika habari za watu wanaosaidia mtaa wetu, tungependa kukuandika, unakubali?" Akikataa, shukuruni muondoke. Wapo wasiotaka kuandikwa, wengine kwa dini yao wanaona sadaka haitangazwi, na hiyo ni haki yao. Akikubali, muulize jina lake. Jina lake mwenyewe, si Mama Nanii. Utashangaa ni wanawake wangapi mtaani wanajulikana kwa jina la mtoto wa kwanza peke yake, hata majirani wa miaka 15 hawajui aliitwa nani na wazazi wake. Katika daftari lenu aandikwe kwa jina lake kamili, na lile la mtaani lifuate.

Maswali mtayatunga wenyewe, ila yawe ya vitu vinavyoshikika. Ulianza lini? Nani alikufundisha? Siku ikianza unafanya nini kwanza? Kitu gani kinakukwamisha? Hili la mwisho lina thamani kuliko yote, andikeni jibu lake neno kwa neno. Mmoja atawaambia anakosa glavu. Mwingine, geti. Mwingine atasema anataka mtu wa kumsaidia kujaza fomu kwa sababu macho hayaoni vizuri, na hapo ninyi mnaojua kusoma na kuandika mmeshapata kazi. Msiahidi fedha wala msaada msioweza kuuleta.

Mkiandika, someni kwa sauti mbele ya mhusika kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Akisema "hapo ondoa", ondoeni. Kisha peleka majirani wawili maswali yale yale, mwone kama habari zinalingana, maana wako wanaojisifu, si uongo.

Daftari likijaa, mwombeni mwenyekiti dakika 10 kwenye mkutano wa mtaa. Msome majina, na baada ya kila jina msome kile kinachomkwamisha mtu huyo. Kama mhudumu wa mbu yupo, mwombeni asimame ili watu wamwone sura, na mtaje siku anayopita. Hiyo dakika moja ya kusimama inaweza kufungua mageti 20.

Kwa wanaopenda kupanga kwa tarehe, 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Siku hizo shule nyingi zinafunga au zimeshafunga, kwa hiyo mtakuwa nyumbani. Mvua za vuli nazo zinakuwa hazijaisha na madimbwi yamejaa. Huo ni wakati mzuri wa kuongozana na mtu wa madimbwi kwa siku moja, mkimbebea fomu zake na kumgongea mageti. Vaeni buti kama mnazo, na mtoto wa nyumba yenye uzio mkubwa atangulie mbele.